Sikio la Dizeli

Julai, Barabara ya Kirinyaga, saa moja asubuhi.
Baridi imekaza nati zote za mji.
Nimefungua kabati, nimepanga nozo juu ya kitambaa
kama mtu anayepanga meno ya marehemu.

Miaka ishirini na sita nimekula kwa sikio.
Gari likikata kona pale kwa wauza vioo
najua: silinda ya tatu ina kikohozi,
au pampu imenyweshwa mafuta ya taa,
na mwenyewe atashuka aseme ni baridi tu.
Dizeli haifichi ugonjwa wake.
Huusema mbele za watu.

Bi Syombua alikuwa mteja wangu tangu mwaka wa Elnino.
Gari lake la buluu lilipanda vilima vya Mua likiwa tupu,
likashuka na magunia ya machungwa, likinguruma kwa gia ya pili.
Kila alfajiri alikaa ndani, mikono mapajani,
akingoja ile taa ya manjano izime
ndipo awashe.
"Ni kama kusali," aliniambia. "Sala fupi,
lakini ukiiruka hujibiwi."

Mwezi jana ameliuza.
Tarehe kumi na nne usiku walitangaza bei ya mafuta;
kumi na tano asubuhi alikuwa yadi, Barabara ya Ngong,
na kijana wa viatu vyenye ncha alikuwa akimweleza:
"Mama, dizeli ni debe tupu, kuvuma tu.
Hili la mseto ni kimya kingi."
Methali hakuimalizia.
Wauzaji hawamalizii.

Mdogo wangu Khaemba anauza magari Ohayo.
Hupiga simu usiku wangu, mchana wake.
"Kaka, huku gari dogo la dizeli hakuna anayeliuliza.
Dizeli ni ya lori, na ya mkulima anayevuta farasi kwa trela.
Lakini mseto! Mseto unauzwa ungali njiani,
mtu analipia kiti ambacho hajakikalia."
Nikamuuliza: na mafundi wa pampu, huko, wanafanya nini?
Simu ikanyamaza.
Nikadhani salio limeisha.
Halikuwa limeisha.

Leo sikulisikia.
Mimi!
Nimeinama, nikainuka, na gari jeupe liko mgongoni pangu
kama paka aliyekuja kuomba mchuzi.
"Kuna taa imewaka," akasema Bi Syombua, "sijui linataka nini."
Nikamwambia, washa.
"Limeshawaka, Makokha."
Nikaweka kiganja juu ya boneti
kama mkunga juu ya tumbo.
Hakuna teke.

Tulilipata chini ya kiti cha nyuma:
feni dogo la kupoza betri, si kubwa kuliko kisahani cha chai,
limesongwa na manyoya ya mbwa wake.
Nikayatoa kwa mswaki wa zamani. Robo saa.
Akauliza ni pesa ngapi, nikakosa bei;
kazi hiyo haimo popote katika daftari langu.
Nikataja mia tatu, nikaona haya,
sijui kwa kuwa ni nyingi au ni chache.

Akaingia, akafunga mlango. Hakuondoka.
Mikono mapajani.
Nikainama dirishani: kuna tatizo?
"Hapana," akasema. "Nangoja taa izime."
Akajicheka. "Nimezoea."

Kisha akaenda, na hakikubaki kitu hewani,
hata moshi wa kumlaani.
Nikasimama na mswaki mkononi.
Nyuma ya gereji hizi kuna mto, kila mtu anajua,
tumeumwagia oili chafu miaka yote hii.
Leo ndiyo mara ya kwanza nimeusikia.
Unapita polepole, unakwama, unapita.
Silinda ya tatu, nadhani.